Zimwi Kwenye Shuka Jeupe

Wanangu mnaofasiri sinema katika mabanda ya video ya Ukunda, haya nawaambia nyinyi. Juzi mmoja wenu alinikuta nje ya banda, akaniamkia shikamoo vizuri, kisha akasema, "Babu, hadithi zenu za mazimwi zilikuwa tamu, lakini wakati wake umeshapita. Sisi siku hizi tunaonesha dude linalotoka kwenye nyota. Linameza mji mzima."

Nikamuuliza, "Na hao waliomezwa, wanatoka?"

"Wanatoka, Babu. Kuna kijana mmoja alisalimika na mamake. Huyo ndiye anayekuja kulipasua."

"Basi hilo dude ni nini?"

Alicheka, akaingia ndani, akashika kipaza sauti chake. Kwa hiyo najibu mimi, na sitajibu kwa unyenyekevu. Kazi mnayoifanya niliifanya kabla baba zenu hawajazaliwa, katika miaka ya hamsini, kutoka Diani hadi Shimoni, na ndani kule mpaka Kikoneni. Nikafukuzwa kwa sababu yake. Mtu asije akaniambia kwamba zimwi limekufa. Mimi nimelionesha kwa mashine, na watu wameliona.

Nilikuwa mfasiri wa gari la sinema. Gari lilikuwa la ofisi moja ambayo jina lake silitaji, kwa kuwa nayo haikutaka tena kulitaja langu. Tulikuwa wawili. Mzee Kitsao aliendesha gari na kuitazama mashine ya picha. Mimi nilikuwa kijana mwenye mke na mtoto wa kunyonya, na kazi yangu ilikuwa kusimama kando ya shuka na kuyasema kwa Kiswahili yale yaliyokuwa yakionekana.

Mambo ya kazi kwanza, maana najua nyinyi hamfundishwi na mtu. Shuka lilikuwa likifungwa kati ya minazi miwili, na kabla ya picha kuanza tulilimwagia maji. "Shuka kavu ni tanga," Mzee Kitsao alikuwa akisema. "Litakuondokea uende ukalitafute Pemba." Likilowa linakuwa zito, linanyooka, na picha inang'aa. Jenereta huwekwa mbali, upande upepo unakoelekea, ili kelele zake ziende na upepo wala zisishindane na sauti yako. Watu watakaa mbele na nyuma ya shuka pia, usiwafukuze. Shimoni kulikuwa na kundi la wavuvi waliokaa nyuma kila mara, hata mbele kukiwa na nafasi. Nilipowauliza kwa nini, mmoja akaniambia, "Huku nyuma picha imegeuka, hata waheshimiwa wanakula kwa mkono wa kushoto. Sisi tukae mbele tuikose hiyo?"

Na sauti. Ninawasikia nyinyi mkikimbizana na picha: ameingia, amekaa, ametoa bastola. Jamani, watu wana macho! Mwambie mtu kile ambacho macho yake hayakioni. Na ukimaliza sentensi, nyamaza kidogo umpe nafasi ya kuogopa.

Hayo sikuzaliwa nayo. Siku yangu ya kwanza Munje nilipewa maneno yaliyoandikwa ofisini, niyasome neno kwa neno. Picha ilikuwa ya ugonjwa wa safura, wale minyoo wanaoingia mwilini kupitia nyayo za mtu anayetembea bila viatu palipochafuka. Mwanamume mmoja katika picha alikuwa akichimba choo. Nilisoma: "Mwananchi mwenye busara huchimba choo umbali unaofaa kutoka makazi yake." Kiswahili gani hicho? Kilikuwa kama chakula kisicho na chumvi.

Mvuvi mmoja akauliza kwa sauti, "Huyo anayechimba ni nani?"

"Ni mtu tu," nikasema.

"Mtu tu? Mtoto wa nani?"

"Haikuandikwa."

"Hana mama?"

Watu wakacheka, kisha wakaanza kukunja mikeka yao. Picha ilimalizika nikiwasomea mbuzi wawili na Mzee Kitsao.

Aliyebaki mwingine alikuwa Bi Mwanamkasi, mjane aliyekaanga vitumbua pale kijijini. Alibaki kwa kuwa alikuwa akivikusanya vyombo vyake. Mama huyu alijulikana Munje nzima kwa kuhadithia, wala hakuwa na upole wa wale vikongwe mnaowaona kwenye vitabu vya shule. Alikuwa mkali, mwenye haraka, na akikuona umesinzia katikati ya hadithi yake alikurushia kitumbua kilichoungua.

"Mwanangu," akaniambia, "mtu asiye na mama hakuna anayemwonea huruma. Huyo mwanamume mpe jina. Na hao minyoo, umewasema kama unauza nyanya. Wanaingia wapi?"

"Kwenye nyayo, Bi."

"Wanafanya nini ndani?"

"Wanakunywa damu. Mtu anakonda, anakuwa mweupe machoni."

"Wanammeza kutoka ndani?" Akatua chano chake chini. "Wewe una zimwi mkononi, halafu unasoma karatasi?"

Lile zimwi lake mnalijua, hata kama mnadhani hamlijui. Ni lile lililokuja katika mji likawameza watu wote, na ng'ombe, na kuku, mpaka mji ukawa kimya. Akabaki mwanamke mmoja mja mzito aliyejificha, akazaa mtoto wa kiume. Mtoto akakua akiuliza, "Mama, watu wako wapi?" Akanoa kisu, akalitafuta zimwi, akalishinda. Na lilipokuwa likifa likamwambia, "Nikate dole gumba." Akalikata, na kwenye dole lile wakatoka watu wote, na ng'ombe, na kuku, wakarudi makwao. Mababu wa mababu zetu walilihadithia hivyo kabla ya kuja meli ya mtu yeyote.

Tuliporudi Munje nilizitia karatasi mfukoni. Yule mchimba choo nikamwita Mwachimbo, mtoto wa Bi Nimwaka, aliyebaki yeye na mamake tu baada ya ndugu zake kumezwa. Minyoo walipotokea kwenye shuka nikaishusha sauti. "Hili ndilo zimwi lenyewe," nikasema. "La zamani lilikuwa kubwa, mababu wakaliona, wakalikimbia. Basi nalo likajifanya dogo. Sasa haliji kwa mlango. Linakungoja chini ya unyayo." Nikanyamaza. Nilisikia watu mia wakiipandisha miguu yao juu ya mikeka.

Mwachimbo alipolishika jembe, wanawake walimpigia vigelegele. Tulipopita tena Munje baadaye, tulikuta mashimo yamechimbwa nyuma ya nyumba, na watoto wamecheza mchezo wa kulikanyaga zimwi mpaka viatu vya wazazi wao vimekwisha.

Habari zikafika ofisini. Mkubwa wetu, Mzungu tuliyemwita Bwana Miwani, akaja kutoka Mombasa kunitazama kwa macho yake. Alikijua Kiswahili, si haba. Picha ilipokwisha akaniita kando ya gari.

"Wewe uliambiwa usome."

"Nilisoma, Bwana. Wakaondoka."

"Hizi ni hadithi za kishenzi. Tumekuja kuwaletea watu mambo ya kisasa."

"Kwenu hakuna zimwi, Bwana?"

Akafikiri. "Kuna lile joka lenye mbawa, la kutema moto. Mpanda farasi mmoja akalichoma mkuki."

"Na huyo mpanda farasi mmemweka wapi?"

"Kanisani. Kwenye vioo vya madirisha."

"Basi wenu mmemweka kanisani, nami wetu nimemweka kwenye shuka."

Msidhani aliaibika. Alicheka sana, akanipiga bega, akaniruhusu niendelee. Kicheko kile ndicho kilichoniponza. Mtu aliyekudharau anakuacha na lako, lakini aliyeona kwamba chako kina nguvu atakitaka akitumie yeye.

Huko Kikoneni, nyuma ya barabara, kulikuwa na kampuni moja ya mashamba iliyokuwa ikitaka ardhi kubwa ya kulima mkonge. Ardhi ile ilikuwa na watu. Walikuwa Wadigo na Waduruma, na jamaa kadhaa wa Kikamba waliohamia zamani na mifugo yao, Waislamu, Wakristo na watu wa mila, wote wakichota maji katika chemchemi moja iliyokuwa ndani ya msitu. Na katika msitu ule yalikuwapo makaburi ya wazee. Kampuni ilitaka kila mwenye nyumba aweke dole gumba kwenye karatasi, kwamba amekubali kuondoka.

Bwana Miwani akaniita. "Tuna picha ya trekta linalong'oa msitu," akasema. "Picha nzuri. Utawaambia msitu ule ndiyo nyumba ya zimwi, linalowalia mifugo yao na kuwaletea homa. Na trekta ndiye yule kijana wa kwenye hadithi, anayekuja kuwaokoa. Wewe unajua kusema. Kesho yake karani atakuja na wino."

"Nikisema hivyo wataamini, Bwana."

"Ndiyo sababu nimekuita wewe."

Njiani nilimwambia Mzee Kitsao asimame Munje. Bi Mwanamkasi alikuwa kwenye jiko lake. Nikamwamkia, nikamweleza yote, nikiwa nimejiandaa kwa nasaha ndefu.

"Zimwi ni lile linalomeza," akasema. "Hapo anayemeza ni nani?"

"Kampuni."

"Basi umekuja kuniuliza nini?" Akaugeuza uso wake kwenye kikaango. Hakunitazama tena, wala hakunipa hata kitumbua.

Mzee Kitsao aliwasha gari, akashika njia ya Kikoneni. Kisha akasema, "Una mke na mtoto mdogo."

"Najua, Mzee."

"Nasema tu, ili usije ukasema sikukukumbusha." Akabadilisha gia. "Mimi nitaitazama mashine."

Kikoneni watu walikuja wengi sana, maana gari la sinema halikuwa likifika huko mara kwa mara. Bwana Miwani alikaa kwenye kiti, pembeni yake bwana wa kampuni ambaye hakujua Kiswahili, na karani wake wa kumtafsiria. Baada ya sala ya isha shuka likawaka. Likatokea trekta.

Wanangu, picha ile ilikuwa ya kutisha kweli. Trekta lilikuja moja kwa moja kuwaelekea watu, likitoa moshi juu, na mbele lina chuma chenye meno. Mti mkubwa ukatikisika, ukalala, mizizi ikatazama mbinguni. Nilimfikiria mke wangu. Kisha nikaita, kwa sauti yangu yote, "Paukwa!"

"Pakawa!" watu wakaitika.

"Hapo kale lilikuwapo zimwi, likaumeza mji. Mnalijua?"

"Tunalijua!"

"Basi litazameni. Ndilo hilo."

Karani akaacha kutafsiri. Mimi nikaendelea. Nikawaambia kwamba zimwi la siku hizi haliingii mjini likinguruma na kusema lina njaa. Linabisha hodi. Linasema linawaletea kazi. Kila mti ulipoanguka kwenye shuka nilitaja kitu kimoja cha pale pale: chemchemi imemezwa, malisho yamemezwa, kaburi la babu yako limemezwa. Sikuongeza neno la kutisha. Hakukuwa na haja.

Mwanamke mmoja wa makamo akasimama. Aliitwa Mama Syombua, mfuga mbuzi, mtu wa sauti nzito kama ya mwanamume. "Mwanangu," akauliza, "zimwi la zamani watu walitokea kwenye dole lake gumba. Hili watatokea wapi?"

"Mama," nikamjibu, "hili limejifunza. Halitoi watu tena kwenye dole lake. Linawaingiza kwenye dole lenu."

Mzee mmoja mstari wa mbele akavitazama vidole vyake, akavificha kwapani. Jirani yake akamwona, akacheka, naye akavificha vyake. Uwanja mzima ukaingiza mikono kwapani, watu wakicheka mpaka machozi, na kile hakikuwa kicheko cha furaha.

Bwana Miwani alishasimama. "Zima!" akapiga kelele. "Kitsao, zima hiyo mashine!"

"Swichi imekwama, Bwana," Mzee Kitsao akasema, akiwa ameinama juu ya swichi ambayo haikuwahi kukwama tangu inunuliwe. Aliihangaikia kwa heshima zote, hadi trekta likang'oa mti wa mwisho nami nikamaliza hadithi yangu.

Asubuhi karani aliketi na meza yake, karatasi zake na kisahani cha wino. Watu walikuja, hawakumkosea adabu, walimwamkia. Lakini kila aliyekuja alikuja na mikono kwapani. Akimwambia mtu alete dole, mtu anajibu, "Dole? Lipi?" na mikono haitoki. Mchana karani akakunja meza.

Mimi sikuyaona hayo, nilihadithiwa. Usiku ule ule nilivuliwa koti la kazi mbele ya watu, na gari likaondoka bila mimi. Bwana Miwani aliniambia neno moja, "Nilikuamini." Nikamwambia, "Na wao pia, Bwana." Nikalala kwa Mama Syombua, kukicha nikashika njia ya Msambweni kwa miguu.

Sitawapambia maneno. Kampuni haikufa kwa hadithi. Baadaye ilirudi kwa njia nyingine, ikapata kipande cha ardhi upande wa barabara, na mkonge ulipandwa pale. Lakini chemchemi ilibaki na makaburi yalibaki, na mkiniuliza kama ilistahili, nitawauliza nyinyi kama mnajua makaburi ya babu zenu yalipo. Mimi nilisuka makuti na kuchimba mawe kwa muda mrefu. Mke wangu alinuna mwezi mzima, na alikuwa na haki. Siku moja akaniambia, "Ungesema vile walivyotaka, ungenisimuliaje mimi hiyo hadithi tena?" Akarudi kucheka nami.

Kazi ikanirudia kwa mlango mwingine. Bhai Ramji, mwenye duka Msambweni, alinunua mashine ya picha iliyochakaa, na picha za mabwana wa Kizungu wapanda farasi wenye kofia. Picha hizo zilisema Kiingereza tupu. Akaniita nizifasiri. Mara ya kwanza nikamfanya yule mwovu mwenye kofia nyeusi kuwa zimwi lililojigeuza mtu ili limeze visima vya kijiji. Bhai Ramji alikuwa akisikiliza mlangoni. Tulipofunga akasema, "Hii hadithi bibi yangu alinihadithia Bara Hindi, nikiwa mdogo."

"Hii ya kofia?"

"Kofia hakuna. Lakini jitu ni hili hili, na linameza hivi hivi."

Hata maalimu wa msikiti alikuja, nia yake kutukataza. Alikaa nyuma, uso umekunjamana. Mwisho akaniita. "Umekosea jambo moja," akasema. Nikajiandaa kwa hotuba. "Yule kijana alipomshinda adui, alijivuna mno. Mwambie wiki ijayo amshukuru Mungu." Nikamwambia. Wiki iliyofuata shujaa wa kofia nyeupe alisema alhamdulillahi kabla ya kurudisha bastola kiunoni, na maalimu hakuikosa picha tena.

Kwa hiyo msinielezee mambo ya kale na ya kisasa. Waliolitia zimwi katika sinema si wajinga wasiojua wakati umebadilika. Zimwi lenyewe ndilo linalovaa nguo za wakati. Atakayewaambia hadithi zenu ni za kishenzi, mtazameni vizuri, kwa sababu kesho atakuja kuwaomba mzitumie kwa faida yake. Akija, mnyimeni.

Kikoneni nilirudi na Bhai Ramji na mashine yake, mvua za masika zikiwa zimekatika. Sikujua kama watu wangenikumbuka. Walikuja wengi kuliko mwanzo. Nililowesha shuka, nikashika kipaza sauti, picha ikaanza, na yule mwovu wa kofia nyeusi akatokea amepanda farasi. Kabla sijafungua mdomo watoto wakapiga kelele, "Zimwi! Zimwi!"

Nikaanza kuhadithia. Nilipofika pale waliomezwa wanapotoka, nikaona mtu anakuja mbele, akiwaruka waliokaa. Alikuwa Mama Syombua.

"Mwanangu, kaa chini," akasema. "Wewe kila siku unatusimulia nusu. Waliomezwa wametoka, haya. Walipofika nyumbani wakakuta nini? Shamba limeota magugu. Nani alilima? Mji ulijengwaje? Wewe hukuwapo. Sisi tuliobaki hapa na kampuni tulikuwapo."

Akanyoosha mkono. Bhai Ramji alinitazama ili aone nitafanya nini, kwa kuwa hakuna mwanamke aliyewahi kukishika kipaza sauti kile, wala picha ile haikuwa na sehemu ya watu kulima. Kwenye shuka farasi walikuwa wakikimbia tu.

Nikampa. Akakishika karibu mno na mdomo, kikapiga yowe, watu wakaziba masikio na kucheka. Akakisogeza mbali, akakohoa, akaita, "Paukwa!" na Kikoneni yote ikamwitikia. Kisha akaanza kutembea huku na huko mbele ya shuka akihadithia, wapanda farasi wakipita juu ya bega lake, nami nikawa namfuata nyuma nimeinama, nikiushika waya usije ukamtega.